Mtandao ukiwa chini ofisini, nafasi ya mwananchi kwenye foleni inatunzwa na nani?

ShangaziMlezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa ofisi za umma, kwa sababu jambo linalonikuta limefika mahali ambapo sijui tena nishike lipi.

Kaka yangu alifariki akaniachia binti yake, ambaye mwaka huu amemaliza kidato cha sita na amefaulu. Ili aombe mkopo wa elimu ya juu kama mtoto aliyefiwa na mzazi, anatakiwa awe na cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake, vyote vikiwa vimehakikiwa, na dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa. Cheti cha kuzaliwa anacho. Cha kifo ndicho kinachotutesa.

Nimekwenda mara nne katika ofisi moja ya serikali wilayani, ambayo sitaitaja. Kutoka kijijini napanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 14,000, na ili niwahi huondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Safari ya kwanza nilikuwa mtu wa 11, nikakaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane mchana, ndipo karani akatoka nje akasema mtandao uko chini na sote turudi kesho. Safari ya pili tuliambiwa mfumo unafunguka lakini hautoi kontroo namba, kwa hiyo hakuna anayeweza kulipa. Safari ya tatu umeme ulikatika tangu asubuhi. Safari ya nne, ambayo ni juzi, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, ila walikuwepo watu wote waliorudishwa siku zilizotangulia pamoja na wapya wa siku hiyo, na mlinzi akapanga foleni upya kwa kufuata nani amefika mlangoni kwanza. Mimi niliyekuwa wa 11 wiki mbili zilizopita nikawa wa 47, na dirisha likafungwa kabla sijafikiwa. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja anayetembelea mkongojo, ambaye nilimwona pia safari ya kwanza na ya tatu. Naye alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mtambo kuharibika nakubali, maana hata mashine ya kusaga ya kijijini kwetu huharibika. Lakini mwenye mashine huacha madebe yetu yakiwa yamejipanga kama yalivyokuwa, na mashine ikitengemaa kesho yake huanza na debe lililokuwa mbele. Hajawahi kutuambia tubebe mahindi, turudi nyumbani na kugombania mstari upya. Naomba kuelezwa mambo mawili. Je, upo utaratibu unaoitaka ofisi itunze nafasi ya mtu aliyefika siku ambayo mfumo haukufanya kazi? Na je, ninaweza kudai maandishi yanayoonyesha kwamba nilifika, bila kumharibia binti huyu kwa kuonekana mkorofi?

NguzoYaSoko amejibu:

Pole sana, dada. Mimi ni mfanyabiashara na nimezunguka ofisi nyingi za leseni na vibali, na nakuambia kwa uchungu kwamba mara nyingine mtandao unakuwa chini kwa ajili ya waliokaa kwenye benchi peke yao. Nimewahi kushuhudia katika mji mmoja kijana wa nje ya geti akichukua karatasi za mtu na shilingi 30,000, akaingia kwa mlango wa nyuma na kurudi na hati baada ya nusu saa, wakati sisi tulikuwa tumetangaziwa kwamba mfumo umegoma. Sikushauri uwatumie vishoka hao, kwa sababu wapo waliopewa vyeti vya bandia vikaja kukataliwa wakati wa kuhakikiwa, na kwa mtoto wa chuo hilo ni balaa. Ukiombwa fedha isiyo na kontroo namba, piga simu TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, ambayo haina malipo.

MtumishiDirishani amejibu:

Nimesoma maelezo ya shangazi yetu na nimeumia, kwa sababu mimi niko upande wa pili wa dirisha kama hilo, katika mkoa mwingine. Ndugu NguzoYaSoko, uliyoyaona sina sababu ya kuyakana, na wanaofanya hivyo wanatuaibisha wote. Naomba tu niongeze yale yasiyoonekana kutoka kwenye benchi.

Sisi tunaohudumia wananchi mara nyingi ndio wa mwisho kujua mfumo umekufa kwa sababu gani. Skrini inazunguka, kisha inaandika kwamba muda wa kuunganishwa umekwisha. Tunapiga simu makao makuu ya taasisi, na huko nako wanasubiri jibu la wataalamu wengine. Mwananchi ananiuliza itachukua muda gani, nami sina la kumwambia isipokuwa asubiri, na nikimwambia asubiri kisha isirudi, nimemdanganya. Ndiyo maana wengi wetu tumezoea kusema rudini kesho, kwa kuwa tunaamini tunawaokoa na kukaa bure. Kabla ya kusoma habari ya madebe sikuwahi kufikiri kwamba kwa kusema hivyo tunawafutia nafasi yao.

Kuhusu kontroo namba, ni kweli kwamba bila hiyo siwezi kupokea hata shilingi moja. Tangu mfumo wa pamoja wa malipo ya serikali ulipoanza mwaka 2017, fedha za umma hupita benki au kwenye simu kwa namba ile ya tarakimu 12, na mtumishi anayepokea fedha mkononi anajitafutia kesi. Utaratibu huu umeziba mianya mingi na sitamani turudi kwenye vitabu vya stakabadhi. Ila umeiweka huduma yote nyuma ya kamba moja: namba isipotoka, hata kama fomu imekamilika na viambatisho vyote ni sahihi, kazi inasimama. Huko kwetu hakuna maelekezo ya maandishi yanayosema siku kama hiyo tufanye nini. Kila mkuu wa ofisi anaamua kwa busara yake, na busara hizo hazilingani.

FundiMitambo amejibu:

Nafanya kazi ya kuunganisha mifumo ya kompyuta, kwa hiyo niruhusuni nirefushe kidogo, kwa kuwa neno "mtandao uko chini" linabeba mambo mengi yasiyofanana, na kila moja lina tiba yake.

Mwananchi anapohudumiwa, taarifa zake zinatoka kwenye kompyuta ya karani, zinapita nyaya za ndani ya jengo, zinaingia kwenye laini ya mawasiliano ya kwenda nje ya wilaya, zinafika kwenye kituo cha data, na mara nyingi kutoka hapo zinakwenda tena kuuliza mfumo wa taasisi nyingine, kwa mfano kuhakiki namba ya kitambulisho cha Taifa au kuomba kontroo namba. Tuchukue mfano wa hatua tano, na tuseme kila hatua ni imara kiasi kwamba inafanya kazi asilimia 98 ya muda. Wengi wangeridhika na kiwango hicho. Lakini hatua zote tano zinapaswa kuwa hai kwa wakati mmoja, na ukizidisha asilimia hizo 98 za hatua zote tano kwa pamoja unabaki na asilimia 90 tu. Saa za kazi za serikali ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, yaani dakika 480, kwa hiyo karibu dakika 46 zinapotea kila siku bila mtu yeyote kuzembea. Kadiri tunavyounganisha taasisi nyingi zaidi, jambo ambalo lina faida zake kubwa, ndivyo tunavyoongeza pingili zinazoweza kukatika. Na zipo siku ambazo hitilafu inatoka mbali kabisa na ofisi: tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani, na hakuna karani wa wilaya ambaye angeweza kufanya lolote.

Sasa tuje kwenye foleni yenyewe, ambayo kwangu ndiyo kiini cha swali la shangazi. Chukua mfano wa dirisha moja ambapo kila mtu anahudumiwa kwa dakika 12. Kwa siku nzima dirisha hilo linaweza kuhudumia watu 40. Tuseme wanaofika ni 38 kila siku, kwa hiyo kila mtu anarudi nyumbani amehudumiwa na nafasi mbili zinabaki. Mtandao ukipotea kwa saa tatu, nafasi 15 zinapotea, zinabaki 25, na watu 13 wanakosa huduma. Kesho yake wanakuja wapya 38, na nafasi za ziada bado ni mbili tu, maana yake itachukua siku saba za kazi kuwamaliza wale 13. Hitilafu ya saa tatu imekula zaidi ya wiki moja ya kazi. Ikitokea hitilafu nyingine kabla ya siku hizo saba kuisha, mlundikano unapanda juu ya mlundikano, na ikiwa wanaofika ni 40 au zaidi, kama inavyokuwa wakati tarehe ya mwisho ya jambo fulani inapokaribia, hautaisha kabisa. Wengi wenu mnakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Misururu ya kutafuta namba za utambulisho katika wiki zile ilitokana na watu wengi kulazimika kuja siku zile zile. Ndivyo ilivyo pia kwa vyeti katika miezi ya maombi ya mikopo, na kwa kuwa miezi hiyo inajulikana kila mwaka, ofisi inaweza kujiandaa kwa kuongeza dirisha au kurefusha saa.

Kuna jambo linalonikera kitaaluma. Watu wanaochora mifumo hii huchora siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Siku mbovu haiko kwenye mchoro. Ilhali inawezekana kabisa kuichora: kazi igawanywe katika sehemu inayohitaji mtandao na sehemu isiyouhitaji. Kupokea fomu, kukagua viambatisho, kumwambia mtu kwamba barua ya mtendaji wake haina muhuri, kumpa namba ya mapokezi, yote hayo yanafanyika kwa kalamu, na mtandao ukirudi, hata kama ni jioni, karani anaingiza taarifa moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa namba. Usajili wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, ulioanzia Mkoa wa Mbeya mwaka 2013, ulifuata fikra inayokaribiana na hii: mzazi anahudumiwa katika ofisi ya kata au kituo cha afya, cheti kinaandikwa kwa mkono pale pale, na taarifa zinatumwa kwa simu. Mama hafungi safari ya kwenda wilayani kusubiri kompyuta iamke.

KaraniMstaafu amejibu:

Mwanangu ShangaziMlezi, pole kwa msiba na pole kwa mahangaiko. Nilianza kazi ya ukarani wilayani mwaka 1979 nikastaafu nikiwa mkuu wa masijala, na nitakujibu maswali yako kwa jinsi nijuavyo.

Kwanza, usiogope kudai maandishi. Zamani kila barua au fomu iliyoingia masijala iliandikwa kwenye daftari la mapokezi, tarehe na namba, na aliyeileta aligongewa muhuri kwenye nakala yake. Nakala hiyo ndiyo iliyokuwa ngao ya mwananchi, kwa sababu bwana mkubwa hakuweza kusema hujafika. Kompyuta zilipokuja, ofisi nyingi ziliacha daftari kwa kudhani mfumo umechukua nafasi yake, na hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu mfumo humtambua mtu anapofika dirishani, si anapofika mlangoni. Aliyekaa kwenye benchi kwa zaidi ya saa sita na kurudishwa hayumo popote. Hata wakubwa wakiitisha taarifa ya mwezi wataona idadi ya waliohudumiwa, wala hawataona hata mmoja wa wale waliorudishwa. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa tatizo lisiloandikwa haliombewi bajeti.

Kwa hiyo andika barua fupi ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa ofisi hiyo. Taja tarehe zote nne ulizofika, ulichoambiwa kila siku, na tarehe ya mwisho ya maombi ya binti. Usiweke lawama wala maneno makali. Mwombe mambo mawili tu: akupe namba ya mapokezi, na akupangie siku. Peleka nakala mbili ili moja igongwe muhuri na ubaki nayo. Ukifika, salimia na uombe kumwona mwenyewe au katibu wake, usipange foleni ya dirishani kwa ajili ya barua.

Pili, uliza mkataba wa huduma kwa mteja. Taasisi nyingi za umma zimeandaa mkataba huo tangu maboresho ya utumishi wa umma ya miaka ya 2000, na ndani yake hutaja huduma itolewe kwa muda gani na malalamiko yapelekwe kwa nani. Mara nyingine umebandikwa ukutani nyuma ya mlango ambapo hakuna anayeuona. Mkataba huo hautakupa nafasi ya 11, lakini utakupa kauli ya ofisi yenyewe ya kushika mkononi. Ukinyimwa taarifa, ibara ya 18 ya Katiba yetu inatambua haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka mamlaka iliyoombwa kwa maandishi ijibu ndani ya siku 30, ingawa kwa haraka ya binti siku 30 ni nyingi mno.

Barua isipojibiwa, upo mfumo wa serikali wa e-Mrejesho wa kupeleka malalamiko kwa simu, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo kazi yake moja ni kuchunguza malalamiko dhidi ya utendaji wa ofisi za umma. Wakati wangu ilikuwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanzishwa mwaka 1966, na tuliposikia wajumbe wake wanakuja wilayani, majalada yaliyolala yalipata majibu kabla hawajafika. Lakini anza na mkuu wa ofisi, mwanangu. Wengi wao hawajui kinachotokea getini.

MkaaziWaLikoni amejibu:

Hamjambo, ndugu zetu wa Tanzania. Naandika kutoka Mombasa. Huku kwetu Huduma Centre ya kwanza, yaani kituo kinachotoa huduma nyingi za serikali mahali pamoja, ilifunguliwa Nairobi tarehe 7 Novemba 2013, na jambo moja lililosaidia ni kwamba ukifika unapewa tiketi yenye namba na kuitwa kwa namba hiyo, kwa hiyo mlinzi hana mamlaka juu ya foleni. Hata hivyo tiketi ni ya siku hiyo tu, na mfumo ukianguka mchana nasi huambiwa turudi kesho, tukaanza upya. Tatizo la shangazi kwa hiyo tunalo pia.

Nataka kuchangia mfano mmoja unaofungamana na maneno ya FundiMitambo. Mwezi Julai 2023 jukwaa letu la eCitizen lilishambuliwa na wadukuzi, wakati serikali ilikuwa imetoka kuhamishia huko maelfu ya huduma. Wageni hawakuweza kuomba viza mtandaoni, na serikali ikaamua wapewe viza wanapowasili. Uamuzi ulitolewa upesi kwa sababu walioathirika walikuwa wageni, na ndege hazingoji. Nilijiuliza wakati ule, na bado najiuliza, kwa nini uamuzi wa aina hiyo haupatikani kwa mama anayetafuta cheti. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa kiutawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi iwapo uamuzi unamdhuru. Nimekitumia mara moja katika barua, na nilijibiwa. Ninaunga mkono ushauri wa Mzee KaraniMstaafu kwa asilimia zote.

NguzoYaSoko amejibu:

Nimemsoma MtumishiDirishani na ninakubali kwamba si wote wanaosema uongo. Hata hivyo swali langu linabaki: pasipo orodha ya maandishi, mwananchi atatofautishaje siku ambayo mfumo umekufa kweli na siku ambayo umeuawa? Daftari la Mzee lingetusaidia hata katika hilo, kwa sababu kishoka hawezi kupitisha karatasi za mtu asiye na namba.

MtumishiDirishani amejibu:

Hilo ni kweli. Leo asubuhi nimezungumza na mkuu wangu, nikanunua daftari la kurasa 200 kwa fedha yangu. Tumekubaliana kwamba atakayefika siku mfumo ukiwa umekufa ataandikwa jina, namba ya simu na huduma anayoitaka, na wa kwanza kuitwa mfumo ukirudi ni wa kwenye daftari. Tutawapigia simu, wasije kubahatisha. Sijui kama tutaweza kuwapigia wote, kwa kuwa ofisi haina bajeti ya vocha, lakini tumeanza.

ShangaziMlezi amejibu:

Shikamoo Mzee KaraniMstaafu, na ahsanteni nyote. Niliandika barua kama ulivyonielekeza, bila neno la ukali, nikaipeleka jana pamoja na nakala ya matokeo ya binti. Katibu alisita kidogo kugonga muhuri, akaenda kuuliza ndani, kisha akagonga. Nilipokuwa natoka nikaitwa na mkuu wa ofisi mwenyewe, akauliza tarehe zangu moja baada ya nyingine na kuziandika, akasema hakuwa na habari kwamba foleni hupangwa upya kila siku. Hakuniahidi kwamba mtandao utakuwepo, na nilimheshimu kwa hilo. Aliniuliza kama wapo wengine ninaowafahamu waliorudishwa zaidi ya mara moja, nikamtajia yule mzee wa mkongojo, kijiji chake ninakijua.

Jumatatu nina miadi, nami ni mtu wa 6. Mzee ni wa 5, na nimeshampelekea ujumbe kupitia mjukuu wake kwamba asiondoke alfajiri, tutapanda basi la saa moja pamoja.